Bi Mkubwa Mwenye Mkia

Sehemu ya sita

Kama wiki iliyopita gazeti lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihangaike. Aibu yangu haijaenda mbali, iko hapa hapa.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwendesha kreni. Saiti wananiita Mama wa Juu. Mwezi uliopita nilisinzia kule juu kibandani, nondo za tani moja na nusu zikining'inia juu ya vichwa vya watu. Aliyewaokoa ni mnyapara, aliyenitukana kwenye simu ya upepo matusi ambayo mhariri wangu ameyafuta mara mbili.

Hospitali walinilaza usiku mmoja na nyaya kichwani. Asubuhi daktari, mama mmoja mpole wa sauti lakini mkali wa macho, akaniambia kwamba nikilala pumzi yangu hukatika mara arobaini na moja kwa saa. Kila ikikatika mwili unashtuka kunifufua, mimi mwenyewe sina habari. Ndiyo sababu nakoroma kama mashine ya zege, na mchana nasinzia kama kuku mwenye kideri.

Nikapewa mashine ya kupumulia. Kiboksi cha kuweka kando ya kitanda, bomba refu, na barakoa ya kufunika pua. Ndani kuna kadi inayoandika kila pumzi.

Masharti ya kazini yakawa haya: usiku kumi na nne mfululizo, kila usiku usipungue masaa manne. Nikikosa mmoja, naanza upya. Nikitimiza, daktari anasaini karatasi na mimi napanda kreni yangu. Mwezi ukiisha bila karatasi, kiti changu kinachukuliwa na Kasuku, bwana aliyeletwa kunishikia zamu, ambaye hanyamazi kwenye simu ya upepo hata akitafuna.

Na nyumbani, mnakumbuka, nina mke mwenza. Ana miguu minne.

*

Mume wangu ni fundi saa. Nilimkuta mgane, tumeoana miezi mitano iliyopita. Marehemu mkewe aliacha cherehani, sufuria nzuri na paka jike mweupe aitwaye Pamba.

Mimi namwita Bi Mkubwa. Alitangulia kuingia nyumba ile, na kila siku ananikumbusha.

Usiku wa kwanza wa mashine, Bi Mkubwa alifikiri lile bomba ni nyoka. Alilirukia. Nikaamka barakoa iko sikioni, upepo unanipulizia shingo.

Usiku wa pili aligundua kwamba pembeni mwa barakoa kuna hewa kidogo inavuja. Akawa anatia mkono pale, anatoa, anatia, anatoa, kama mtu anayejaribu joto la maji ya kuoga. Kucha zake zilinifikia puani.

Usiku wa tatu aligundua kwamba kiboksi kina joto. Akakikalia. Kitufe cha kuzimia kiko juu.

Usiku wa nne sikulala kabisa. Nilikesha nikimtazama, naye akikesha akinitazama. Alfajiri akapiga miayo, akalala yeye.

Nikaenda kwa daktari na kadi yangu. Akaichomeka, akasoma, akakunja uso.

"Usiku wa kwanza, lisaa limoja na dakika kumi. Wa pili, dakika hamsini na mbili. Huu wa tatu, mama, uliiwasha kweli?"

"Niliiwasha, daktari. Ikazimwa."

"Nani aliizima?"

"Paka."

Akavua miwani.

"Paka."

"Anakalia kitufe, daktari. Anapenda joto."

"Mama, kwenye chumba hiki nimesikia mengi. Wengine wanasema umeme ulikatika. Wengine barakoa inawawasha. Paka ni wa kwanza. Kwa nini hufungi mlango?"

"Nafunga. Tena kwa komeo."

"Sasa paka anafungua komeo?"

"Daktari, hilo ndilo swali langu pia."

Hakucheka. Akaniambia naanza upya usiku ule ule. Nikatazama kalenda iliyokuwa nyuma yake. Mwezi ulibakiza siku kumi na tano. Usiku kumi na nne, asubuhi moja ya kuleta karatasi. Hakukuwa na nafasi hata ya kupiga chafya.

*

Nilimkuta mume wangu mezani kwake, lenzi jichoni, tumbo la saa ya ukutani liko wazi mbele yake.

"Fundi," nikamwambia, "nani anafungua mlango wa chumbani?"

"Mlango gani?"

"Tuna milango mingapi ya chumbani?"

Hakuinua kichwa. "Labda komeo limelegea."

"Basi likaze. Wewe si fundi?"

"Mimi ni fundi saa, bibie. Komeo ni kazi ya seremala."

"Paka alale jikoni, tufunge na mlango wa jikoni."

"Analia."

"Na mimi nalia! Mimi machozi yangu hayana maji?"

Hapo akatoa lenzi. Akanitazama kwa huruma, lakini ile huruma ya mtu asiyebadili neno.

"Mke wangu, paka wa nyumba haingwi, hafukuzwi. Vumilia. Atazoea."

Nikasema moyoni: mimi nitakuwa nafagia saiti, na yeye bado atakuwa anazoea.

*

Nikiwa bado sina karatasi, kazini walikuwa wameniweka stoo ya chini, nagawa kofia na glovu. Huko ndiko alikonikuta rafiki yangu Mama Zege, mwanamke anayebeba karai za zege kuanzia asubuhi na bado ana nguvu ya kusikiliza shida za watu. Nikammwagia yote.

"Huyo paka atoke," akasema.

"Fundi atakufa kwa huzuni. Ni wa marehemu."

"Nani kasema auawe? Ninajua duka la vitambaa, panya wanatafuna majora, muuzaji pale analia kila siku. Mpe kazi. Wewe una kazi, mimi nina kazi, yeye nani asiwe na kazi?"

Wasomaji, sikubishana sana. Ningependa niseme nilikataa mara tatu. Nilikataa mara moja, tena kwa sauti ndogo.

Saa ya chakula mchana ule ule, mume wangu akiwa kwenye kibanda chake cha saa, nilichukua boksi la kofia kutoka stoo, nikalitoboa matundu, nikaweka kanga yangu ya zamani ndani. Bi Mkubwa aliingia mwenyewe. Paka na boksi, humlazimishi. Mama Zege akalijia, akalibeba kichwani kama karai, akaenda zake.

Jioni mume wangu akarudi.

"Pamba yuko wapi?"

"Sijamwona," nikasema. Nikaendelea kukata vitunguu, nikashukuru kwamba vitunguu huwatoa watu machozi.

Usiku ule nililala masaa sita na nusu. Mlango ulibaki umefungwa. Komeo halikulegea tena.

*

Hapa ndipo naona haya hata kuandika.

Siku ya pili mume wangu alitoka alfajiri na ndala zake, akapita nyumba hadi nyumba akiuliza. Siku ya tatu akabandika tangazo kwenye kibanda chake cha saa, akachora na sura: paka mweupe, mkia umepinda nchani. Kila jioni aliweka kibakuli cha maziwa mlango wa nyuma, na kila asubuhi alikiinua kimejaa sisimizi.

Nami nikatoka kumsaidia kutafuta.

Ndiyo. Mimi. Nilipita mtaani nikiita, "Pamba! Pamba wee! Njoo, mama!" Niliinama chini ya magari. Niliangaza tochi ndani ya mtaro. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akasimama kibarazani kwake akanisifu mbele za watu.

"Una moyo, bibi. Wengine wangefurahi."

"Ni kiumbe wa Mungu, mwalimu," nikamjibu.

Mdomo huu huu.

Na mwili nao ukanisaliti kwa kufurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita niliamka bila kichwa kuuma. Nilipanda ngazi za ofisini bila kuhema. Nilikumbuka namba za simu. Stoo nilikuwa naimba, mpaka mnyapara akachungulia akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Usiku wa tano, wa sita, wa saba. Masaa sita, masaa saba. Kadi ikanona.

Mume wangu akakonda. Nikigeuka alfajiri namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ananitazama kifuani, midomo inacheza kama mtu anayehesabu.

"Fundi, hulali?"

"Nimelala. Nimeamka sasa hivi."

Nilijua ni uongo, lakini mwongo humwulizaje mwongo mwenzake?

*

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa wote nyumbani, nakunja nguo, yeye anajaza saa ufunguo. Mlango ukagongwa.

"Hodi wenyewe!"

Akaingia mwanamke mrefu, futi ya kupimia nguo iko shingoni, boksi mikononi. Nilimwona mara moja tu maishani, siku ya harusi yetu, alipokuja akakaa dakika kumi akaondoka bila kula. Mdogo wa marehemu mkewe.

"Shemeji, shikamoo."

"Marahaba, shemeji. Karibu, karibu sana."

"Bi harusi, hujambo?"

"Sijambo," nikasema, lakini macho yangu yalikuwa kwenye boksi. Lilikuwa na matundu. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene KOFIA – STOO. Mwandiko wangu.

Akaliweka katikati ya sebule.

"Shemeji, mimi nilisafiri wiki mbili kufuata mzigo wa vitambaa. Jana narudi dukani, namkuta mtu amelala juu ya jora la satini. Kanenepa huyo! Namuuliza muuzaji wangu, huyu paka wa nani? Ananiambia ameletwa na mwanamke wa saiti, eti hana kwao. Nikamtazama mkia. Nikaita, Pamba. Akaitika."

Mji wote huu una maduka mangapi ya vitambaa? Mama Zege, katika yote, alichagua lile!

Mume wangu alipiga magoti akafungua boksi. Bi Mkubwa akatoka taratibu, akanyoosha mgongo, akampita yeye bila kumtazama. Akaja moja kwa moja mapajani mwangu. Akaanza kunikanda kwa miguu ya mbele kama mtu anayekanda unga.

Shemeji akalitazama boksi, akanitazama mimi.

"Nyumba hii nani anafanya kazi saiti?"

Saa zote za mume wangu zilikuwa zinagonga ukutani, kila moja na wakati wake.

"Ni mimi niliyemtoa," mume wangu akasema.

Niligeuka kumtazama. Hata shemeji aligeuka.

"Wewe, shemeji?"

"Mimi. Mke wangu anaumwa, anatakiwa alale vizuri. Nikaona paka apate pengine pa kukaa."

"Na yule aliyenipigia simu nikiwa safarini, sauti inakatika kwa kilio, akiniambia Pamba amepotea, alikuwa nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya mume wangu haikutoka hata sebuleni. Hajui kudanganya, maskini. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hakujua kitu."

Shemeji akavuta pumzi ndefu. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Akajifunga mtandio wake, akasimama.

"Afadhali umesema mwenyewe. Sasa muulize na mumeo kwa nini hawezi kulala bila huyu paka. Kama hajakwambia, basi mko sare."

Akaondoka. Boksi akaliacha.

*

"Uniambie nini?" nikamuuliza.

Mume wangu alikaa kwenye kochi, mikono kati ya magoti.

"Lile komeo," akasema, "nalifungua mimi."

Sikuelewa. Nikamwacha aendelee.

"Kila usiku ukishalala, naamka, nafungua mlango, namwita aingie."

"Unamwita! Unamwita aje anivue mashine? Fundi, unajua kiti changu kinachukuliwa?"

"Marehemu alikuwa anakoroma," akasema, kana kwamba hakunisikia. "Kama wewe. Hatukujua ni ugonjwa, tulikuwa tunacheka. Usiku mmoja Pamba akampanda kifuani. Akawa anamparua shavu, analia, hataki kushuka. Mimi nilikuwa na kazi asubuhi. Nikaamka nimekasirika, nikamshika paka, nikamtupa sebuleni. Nikafunga mlango kwa komeo. Nikamwambia mke wangu, haya, lala sasa."

Akang'oa unyoya mweupe wa Pamba kwenye kochi.

"Baadaye kukoroma kukaisha. Nikasema, ahsante Mungu, leo nitapumzika." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilifurahia kile kimya, bibie. Nililala ndani yake mpaka asubuhi."

Wasomaji, mwanamke mwenye akili angemshika mkono wakati ule. Angemwambia, pole, hukujua. Nami niliyafikiria maneno hayo. Lakini siku nne za mwanzo nilizopoteza zilinijia zote kwa pamoja, na Kasuku akiongea ndani ya kibanda changu, na glovu, na kofia, na miaka ishirini na miwili ya kupanda ngazi ile kwa mikono yangu mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi nilindwe na paka," nikasema. "Mashine inapumua, paka anaivua. Uliogopa nisije nikafa, ukawa unaniua kila usiku kwa mkono wako."

"Mashine ni plastiki. Umeme ukikatika? Bomba likichomoka? Pamba anajua. Alijua siku ile."

"Mimi si marehemu mkeo!"

"Sijasema..."

"Na sitaki kulindwa na masalia yake!"

Neno likishatoka halirudi. Nililiona likimpiga. Aliinuka akachukua saa iliyokuwa karibu, akaanza kuijaza ufunguo, akaijaza mpaka nikasikia springi ndani inakatika.

Nikachukua mkoba na kanga mbili. Nikatoka. Mashine nikaiacha kando ya kitanda.

*

Mama Zege alinipokea bila maswali. Ana chumba kimoja na kitanda kimoja, tukalala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake.

Asubuhi nikamkuta ameketi sakafuni, macho mekundu kama amepuliza moto usiku kucha.

"Mwenzangu," akasema, "nakupenda, lakini leo rudi kwako."

"Nimekoroma?"

"Ungekoroma tu ningeshukuru. Unakoroma, halafu unanyamaza. Nangoja. Nahesabu, kumi na tano, ishirini. Nakupiga teke. Unashtuka, unaanza tena. Nimekupiga mateke mpaka mguu umechoka." Akausugua ule mguu. "Yule paka nilimwonea bure."

Ndipo akili ikanirudia. Usiku wa kumi na mbili. Nimelala bila mashine. Kadi itakuwa tupu. Ukikosa mmoja unaanza upya, na hapakuwa na pa kuanzia.

Nikakaa kitandani kwa Mama Zege nikalia kilio cha kweli. Safari hii bila vitunguu.

Nilirudi nyumbani mchana. Mume wangu alikuwa kazini. Chumbani kila kitu kilikuwa mahali pake, kitanda kimetandikwa, barakoa imeoshwa imeanikwa dirishani. Nikadhani ameifuta vumbi tu.

Jioni akarudi. Tukasalimiana kama wapangaji.

"Mimi na Pamba tutalala sebuleni," akasema. "Chukua ufunguo, ujifungie mwenyewe."

"Haina faida tena, Fundi. Nimeshaukosa usiku mmoja."

"Wewe vaa mashine yako, ulale."

Nilivaa. Nililala usiku wa kumi na tatu na wa kumi na nne, kwa ubishi tu, kama mtu anayemalizia kupiga pasi nguo iliyokwisha ungua. Nilitaka kumwambia samahani. Kila nikifungua mlango asubuhi, nakuta ameshatoka, na Bi Mkubwa kwenye kochi ananitazama kwa jicho moja.

*

Asubuhi ya mwisho wa mwezi mnyapara alinipigia simu mapema.

"Mama wa Juu, saa nane karatasi iwe mezani kwangu. Kasuku ameshaniuliza mkataba mara tatu. Na mimi masikio yangu yamechoka, nakuomba usiniangushe."

Nilikwenda hospitali nimejiandaa kuomba. Njia nzima nilipanga maneno: daktari, usiku mmoja tu, palitokea matatizo ya kifamilia, nisamehe, mimi ni binadamu kama wewe.

Akachomeka kadi. Nikaanza.

"Daktari, kuhusu usiku wa kumi na mbili..."

"Hongera sana, mama."

"Nini?"

"Umetimiza. Kumi na nne kwa kumi na nne. Huo wa kumi na mbili unaousema, umelala masaa saba na dakika kumi."

Nilidhani nimesinzia pale pale kitini. Usiku wa kumi na mbili nilikuwa napigwa mateke na Mama Zege upande wa pili wa mji.

Kisha nikaiona. Barakoa imeanikwa dirishani. Mume wangu asiyejua kudanganya, usiku ule niliomtukania marehemu wake, alikaa kitandani peke yake, akajifunga mashine ya plastiki asiyoiamini, akalala ndani yake ili kadi yangu isiwe tupu.

Daktari alikuwa ameshavuta karatasi, ameandika jina langu, kalamu imegusa mahali pa sahihi.

Ikasimama.

"Hebu ngoja," akasema.

Akageuza kioo cha kompyuta nikione. Mistari mingi myembamba.

"Hizi ni pumzi zako za usiku mwingine. Pumzi inakatika mara mbili kwa saa, mara tatu. Mashine inafanya kazi. Sasa tazama hapa. Usiku huu wa kumi na mbili. Mara thelathini na nane kwa saa, mama, na mashine inapuliza. Hewa imevuja pembeni usiku mzima, kama barakoa haikuenea uso. Na hapa..." Akaweka kidole mahali ambapo mstari ulilala chini, umenyooka. "Hapa mtu huyu amekaa sekunde sabini na nane bila kuvuta pumzi."

Sekunde sabini na nane. Hebu bana pumzi, wewe unayesoma, uone unafika wapi.

Miezi mitano nimelala ubavuni mwake. Ningemsikiaje? Anayekoroma hamsikii mwenzake.

"Sikiliza vizuri," daktari akasema, sauti bado ya upole. "Kama ni wewe, basi ni usiku mmoja mbaya kati ya kumi na nne. Unatokea. Nasaini sasa hivi, unaenda kazini. Kama si wewe, usiku huu hauhesabiki, unaanza upya, na mimi siwezi kukusaidia. Lakini mtu huyo namlaza leo. Chumba cha kupimia kina foleni ya miezi mitatu. Kwa ushahidi wa kadi hii namrusha foleni. Bila hii, atangoja kama wengine."

"Anaweza kungoja miezi mitatu?"

"Mimi nisingemwacha angoje usiku mmoja."

Simu ikatetemeka mkobani. Sikuitazama, nilijua ni mnyapara. Dirishani, mbali, juu ya mapaa, niliiona kreni yangu ikizunguka polepole mkononi mwa mtu mwingine. Ilikuwa inabeba kitu kizito, na ilikuwa inakibeba vibaya.

Daktari akainua kalamu juu ya karatasi, akaishikilia hapo.

"Nijibu, mama. Pumzi hizi ni za nani?"